Mwanaume Asiye na Shangazi

Wajukuu wa marehemu walinitaka nimuue. Simsemi marehemu, yeye tulikuwa tumeshamzika mwanzoni mwa juma. Nasema mwanaume wa hadithi yangu, ile ninayoituma sehemu kwa sehemu kwenye simu za wasomaji kila Ijumaa. Nilikuwa nimekaa uani kwa rafiki yangu Godelieve, huko Ruashi, nikichambua sombe, majani ya muhogo, pamoja na wanawake wengine waliobaki matangani, ndipo wasichana wawili waliokuwa wakisonga bukari kwenye sufuria kubwa waliponitambua. Kwanza walifurahi, wakafuta mikono, wakapiga picha na mimi. Kisha mkubwa wao, Naomi, akachuchumaa mbele yangu kwa adabu zote, kama mtu anayekuja kuomba ruhusa, akasema: "Mama Mado, huyu Félix wako, vraiment, umuue. Ata na aksida ya motokari. Eko mufupi, anasema mingi, na kazi yake njo kuuzisha samaki. Mwanamuke atamupenda namna gani? Utuletee mwengine, murefu, mwenye kunyamaza."

Nilimtazama. Nyuma yake, ukutani, ilikuwa imetundikwa picha ya babu yake, Célestin, imefungwa utepe mweusi. Mtu ambaye hakuwahi kuinama kwenye mlango wowote, aliyekuwa akizungumza tangu sala ya asubuhi hadi anapozima taa, na aliyeijenga nyumba ile, tofali kwa tofali, akachimba kisima, akalipa ada ya shule ya huyu huyu Naomi, yote kwa samaki wa kukaushwa aliowaleta kutoka Kasenga. Félix ni yeye. Nilimbadilisha jina na mtaa, basi. Nikaangalia kama msichana atageuka aone picha, hakugeuka. Akawa anangoja jibu, mwiko mkononi, mwiko uliolipiwa na samaki. Waswahili husema penye miti hapana wajenzi, na mimi naongeza kwamba penye wanaume hapana wasomaji. Nilimwambia nitafikiria, nikarudi kwenye sombe yangu, na nadhani niliyachana majani mengine vibaya kwa hasira.

Miaka yote hii ninayoandika mapenzi, nimeombwa mwanaume mmoja tu. Awe mrefu. Awe na mabega. Awe tajiri lakini asionekane akifanya kazi. Awe na uchungu wa siri ambao ni mwanamke mmoja tu duniani anayeweza kuutuliza, na asiseme, asiseme kabisa, mpaka ukurasa wa mwisho ambapo ataomba msamaha kwa maneno machache. Nikimpa mwanaume wangu upara, natumiwa ujumbe wa sauti wenye kilio. Nikimpa mama anayempigia simu kila asubuhi, wananiambia nimeharibu hadithi. Mchapaji wangu wa mjini, mzee mwenye wajukuu, alitaka jalada lenye kijana aliyefungua shati hadi kitovuni. Nikamuuliza kama kanisani kwake wanaume wanasali vifungo wazi, akacheka, na shati likabaki wazi. Waandishi wenzangu nao si afadhali. Tunakutana, tunawalalamikia wasomaji, kisha kila mmoja anarudi kwake kumwandika mtu yule yule, ila wa kwangu ana gari jeusi na wa kwako ana gari la rangi ya fedha. Imenichosha. Lakini siwezi kujifanya sijui ugonjwa huu unavyoshika, kwa sababu mwaka mmoja mzima nilikaa ndani ya chumba kimoja na mgonjwa.

Habari za wazazi wangu, na kwa nini sikwenda chuo mwaka ule, nitaziruka. Hazina utamu, na wahusika wengine wangali hai. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza sekondari, najua Kifaransa cha kutosha kuwachosha watu, na nikapelekwa kujifunza ushonaji kwa Mama Véro, katika ule mtaa wetu unaoitwa Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Atelye yake ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara. Kuta zilipakwa rangi ya buluu hadi usawa wa kiuno, na kutoka hapo kwenda juu zilipakwa vumbi. Kulikuwa na cherehani tatu za kukanyaga, kioo kirefu chenye ufa, pasi ya makaa iliyopewa kona yake kama mgeni mwenye heshima, na pazia la kitenge ambalo nyuma yake wateja walipimwa. Kulinukia makaa, mafuta ya cherehani na, kuanzia saa tano, samaki, kwa sababu Mama Véro alipika chakula cha mchana kwenye mbabula, jiko la makaa, mlangoni na moshi ulipenda kuingia ndani. Tulikula wote katika sinia moja: bukari, mboga ya lengalenga, na kipande cha samaki ambacho ukikizembea kimekwenda.

Nilikuwa fundi mbaya. Mishono yangu ilikwenda inakotaka. Mama Véro, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza muda, aliligundua hilo mapema, akanitoa kwenye cherehani na kunipa kazi nyingine: kuwasomea. Katikati ya mji waliuza chini, juu ya maturubai, vile vitabu vidogo vya mapenzi vya Kifaransa vilivyokwisha kusomwa na watu wengi, vingine bila jalada, vingine bila mwisho. Wao Kifaransa chao kilikuwa cha sokoni. Basi nilikaa juu ya kigoda karibu na dirisha, macho yangu yakisoma Kifaransa, mdomo wangu ukitoa Kiswahili, nayo miguu yao ikikanyaga. Ukifika kwenye busu, cherehani zote zilipunguza mwendo. Mama Véro alinikataza kusoma mabusu siku za kushona nguo za kanisani, maana pindo zilikuwa zikipinda.

Wasikilizaji wangu walikuwa watatu. Mama Véro mwenyewe. Mama Sakina, mwanamke wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulitoka Maniema, fundi wa kudarizi kanzu, aliyesikiliza huku ameinamisha kichwa na sindano mdomoni. Na Godelieve, mpwa wa Mama Véro, tukimwita Gode, msichana mrefu kuliko wanaume wengi wa barabara ile, rika langu, ambaye alisikiliza kama mtu anayepewa maelekezo ya safari. Kitabu kiliposema mwanaume ana macho ya kijivu, kazi ilisimama. Hakuna aliyewahi kuona macho ya kijivu. Mama Véro alisema lazima ni kama ya mbwa mzee. Gode alisema hapana, ni kama bati jipya mvua inapolinyeshea, akalisema hilo taratibu, macho yake yakiwa barabarani, na mimi nikajua kwamba yeye amekwisha kumwona mtu huyo na amekwisha kumpa sura.

Mama Sakina ndiye aliyeuliza swali ambalo hadi leo wahariri hawaniulizi. Tulikuwa kwenye kitabu cha tatu au cha nne, mwanaume tajiri amesimama peke yake kwenye ngazi za nyumba yake kubwa, anatazama mbali. Mama Sakina akatoa sindano mdomoni. Akataka kujua watu wake ni nani. Nikatafuta: wazazi wamekufa. Ndugu? Hakuna. Akauliza kama hata shangazi hana. Nikafungua kurasa za mbele na za nyuma, sikuona shangazi. Akatikisa kichwa, akasema mwanaume asiye na shangazi hata mmoja si wa kuolewa naye, siku akikosea utampeleka kwa nani? Nilipenda swali lile kiasi kwamba kesho yake nikamtungia mwanaume wa kitabuni shangazi, mama mnene anayeishi chini ya ngazi na anayemkaripia. Mama Véro akacheka hadi akaacha kukanyaga. Gode peke yake ndiye aliyekasirika. Akaniambia, "Mado, soma kile kiko mu buku. Usituongezee bantu."

Wakati huo Célestin alikuwa akija mara mbili au tatu kwa mwezi, na wala hakuwa akija kwa siri. Alikuwa mchuuzi wa samaki wa Kasenga. Alipanda malori yaliyotoka mtoni na vikapu vyake, akashukia sokoni, na kabla hajauza chochote alipita kwetu kumletea Mama Véro samaki wa sinia. Utamsikia kabla ya kumwona. Alianza kuzungumza toka kwa jirani, akaingia akiendelea, akatueleza barabara ilivyoharibika, dereva alivyosinzia, mto ulivyojaa, dada zake wanavyogombana, na shangazi zake, ambao walikuwa wengi na aliwajua kwa majina na magonjwa. Alikuwa mfupi, mweusi sana, na viganja vipana vilivyochubuliwa na kamba. Alimpenda Gode waziwazi kama mtu anavyopenda chakula. Alimwambia hivyo mbele yetu sote, akamwambia pia kwamba urefu wake haumtishi kwa kuwa yeye amezoea kutazama mtumbwi kutoka majini. Gode aliinamia kitambaa chake. Célestin alipoondoka, Gode alisema kwamba kichwa kinamuuma, na kwamba mwanaume anayesema yote hana kitu ndani.

Aliyekuwa na kitu ndani, kwa hesabu za Gode, alikuwa Donatien. Huyu alikuwa mtu wa kushughulikia hati za forodha kule mpakani Kasumbalesa, na alishonesha mashati kwetu kwa sababu kule, alisema, mafundi ni wezi wa vitambaa. Hilo ndilo jambo refu zaidi nililomsikia akisema kwa miezi mingi. Alikuwa mrefu. Alikuwa na mabega. Alisimama nyuma ya pazia Gode akimzungushia futi kifuani, taya limekazwa, jicho moja limefinywa kidogo, anatazama dari. Ukimuuliza mkono uwe mrefu kiasi gani, anaonyesha kwa kidole. Ukimpa chai, anaikataa kwa kichwa. Gode alitoka nyuma ya pazia akiwa amepotea. Aliniita pembeni, akanishika mkono kwa nguvu, akaniomba nimsomee tena ile sehemu ya taya. Katika vitabu vile, mwanaume anapopenda mno na hataki ijulikane, hukaza taya. Nilisoma. Yeye akaniambia kwa sauti ya chini: "Unaona? Anaificha."

Nilimwambia labda ni mtu wa kiburi tu. Nilimwambia labda hana la kusema, wapo watu wa namna hiyo, kisima kirefu si lazima kiwe na maji. Ukimya wa yule bwana ulikuwa chumba kitupu na Gode alikuwa akikipamba kila juma, akihamishia humo kitanda, mapazia, na watoto. Nilichoka. Nilichoka hasa kwa sababu huku nyuma, kwa njia zinazojulikana, shangazi mmoja wa Célestin alikuwa amekwisha kuja kumwona Mama Véro na chupa mbili za kinywaji na maneno ya kuzunguka, na mjomba wa Gode aliyeko Likasi alikuwa amekwisha kupewa habari, na siku ya kuleta mahari ilikuwa inatafutwa. Gode hakukataa nyumbani. Alinieleza mimi peke yangu mpango wake: kwa desturi, siku hiyo msichana huulizwa mbele ya watu wote kama mali ipokelewe, na yeye ataulizwa, na atasema hapana. Alisema hivyo kwa furaha, kwa kuwa aliona ni jambo la kitabuni. Mimi niliona mjomba aliyesafiri, Mama Véro aliyepika, na Célestin amekaa kwenye kiti cha kuazima akisikia neno lile mbele ya shangazi zake wote. Na nilimwona Gode mwenyewe baadaye, amebaki na futi mkononi akimngoja mtu asiyejua hata jina lake.

Mvua zilipokwisha kushika, Donatien alifika shavu limevimba. Gode akasema amepigana. Mama Sakina akainua macho mara moja tu kutoka kwenye darizi yake, akamwambia yule bwana akae, afungue kinywa. Akafungua, maskini, kama mtoto. Ndani kulikuwa na gego limeoza hadi mzizi. Mwaka mzima alikuwa akiumwa. Aliogopa koleo la daktari kuliko alivyoogopa simba. Ndilo hilo taya. Ndilo hilo jicho la kufinywa. Mama Sakina alimpa karafuu za kuuma na kumwambia aende hospitali siku ile ile, na yeye akaenda, na aliporudi kuchukua mashati alikuwa mtu aliyefunguliwa. Alizungumza kuanzia mlangoni. Alituhadithia foleni ya malori, kisha hati inayotangulia na hati inayofuata, kisha ugomvi wake na mwenzake kuhusu meza ya ofisini, kisha akarudi kwenye hati. Hakuuliza mtu yeyote swali lolote. Alipolipa alimwita Gode "mademoiselle", akaniita mimi hivyo hivyo, na nadhani hakuwa ameona kwamba tuko wawili. Mama Véro alipofunga mlango nyuma yake alilala juu ya meza ya kukatia, akacheka hadi machozi.

Ungedhani hapo mambo yamekwisha. Hata mimi nilidhani. Lakini Gode hakulaumu vitabu, alimlaumu Donatien. Alisema kumbe hakuwa yeye, basi yuko mwingine, mwenye kunyamaza wa kweli, na kwa ajili ya huyo asiyekuwapo alikuwa bado tayari kumkataa aliyekuwapo. Nilimpigia kelele siku ile, na si kawaida yangu. Nilimwambia kwamba mimi ndiye ninayesoma kurasa zile na mimi najua hakuna mtu mle ndani. Mama Sakina alinifanyia ishara ninyamaze. Alisema mtu anayeota humwamshi kwa ngumi.

Siku ya mahari ilikuwa Jumamosi ya jua kali baada ya mvua, ardhi nyekundu imenata kwenye viatu vya watu wote. Uani kwa Mama Véro viti viliwekwa safu mbili zinazotazamana, wa kwetu huku na wageni kule, na katikati vitu: vitenge, chumvi, sukari, mbuzi aliyefungwa kwenye mguu wa meza, na kikapu cha samaki kilichonukia kuliko manukato ya shangazi wote wa Célestin. Nilikaa nyuma ya Gode, kwa kuwa ndiyo nafasi ya rafiki. Sasa, kuna jambo ambalo katika mipango yake yote ya kitabuni Gode hakulikumbuka, ingawa alilijua tangu utotoni. Siku ile bwana harusi hasemi. Anaye msemaji wake, mzee mwenye ulimi, na huyo ndiye anayejibizana na wazee wa upande wa pili, anayetania, anayeomba radhi na kulipa faini. Mwenyewe anakaa kama mzigo ulioletwa. Akifungua kinywa kabla mali haijapokelewa, familia yake inatozwa, na ni aibu. Célestin alikuwa amevalishwa suti ya kaka yake, mabega yamezidi, na shangazi mmoja alikaa kila upande wake kwa kazi maalumu ya kumfinya.

Sijawahi kumwona mtu akiteseka namna ile. Msemaji wake alikosea jina la kijiji, Célestin akaruka, akafinywa. Mjomba wa Gode akauliza safari ilikuwaje, swali ambalo kwa Célestin lilikuwa karamu nzima, na ilimbidi alimeze. Jasho lilimtoka. Alitazama mbele yake, mbali, juu ya vichwa vyetu. Akakaza taya. Ndipo mjomba akaita jina la Gode, akamsimamisha, akasema kwa sauti ya watu wote: "Godelieve, aba bantu banasema unabajua. Bintu byabo, tukule? Usitufanye kesho tutapike." Gode akanyamaza. Mjomba akauliza mara ya pili. Kimya. Upande wa kule shangazi mmoja akaanza kujipepea haraka haraka. Mimi niliona mgongo wa Gode umenyooka na nikajua neno liko tayari mdomoni, nikafumba macho. Badala yake akaniinamia, nikasikia pumzi yake sikioni. "Mado, umuangarie," akaniambia. "Eko anaificha." Mjomba alipouliza mara ya tatu, akasema wazi, kila mtu akasikia: "Ndiyo, mukule."

Nilitaka kusimama. Nilitaka kuwaambia shemeji zetu wasubiri kidogo, kuna kosa, msichana huyu hamkubali huyu, anamkubali mtu wa ukurasa wa sitini. Lakini vigelegele vilikuwa vimekwisha kupanda, mbuzi amefunguliwa, na shangazi zake wakamwachia. Célestin akavuta pumzi. Akaanza na jina la kijiji, akalisahihisha, akaendelea na safari tangu mwanzo, lori, daraja, askari, mvua, akasimulia vile alivyokaa pale na kilichokuwa kikimpita moyoni alipoona Gode hajibu, akamshukuru mjomba, akamshukuru mbuzi, na jua lilipotua alikuwa bado anasema. Nilimtazama Gode. Uso wake ulishuka polepole, kama unga unavyotulia chini ya ndoo. Na mimi, nikiwa rafiki yake, nikiwa nimechoka naye mwaka mzima, nilimhurumia na nilitaka pia kumpiga.

Wiki za kwanza alikuja atelye kulia. Alisema hata usingizini anasema. Mama Sakina alimjibu bila kuinua kichwa kwamba ukipenda boga penda na ua lake, na Gode akajibu kwamba boga lenyewe hakulipenda, alilikosea. Mimi mwisho wa mwaka ule nikapata nafasi chuoni, nikaacha kigoda changu na dirisha langu. Tangu hapo nilimwona Gode kama watu wanavyoonana katika mji huu, kwenye harusi na vilio, yeye akiwa na mtoto mgongoni, kisha wawili pembeni, na yule bwana mfupi kando yake akizungumza na jirani wa kiti. Sikumuuliza kitu. Unamuulizaje mtu kama amewahi kumsamehe mume wake kwa kutokuwa mwanaume wa kitabuni? Nikaanza kuandika vitabu vyangu, na nilipochoshwa na wale warefu nikamwandika Félix.

Basi siku ile ya sombe, Ruashi, baada ya Naomi kurudi kwenye sufuria yake, niliitwa ndani. Gode alikuwa amekaa chini juu ya godoro la wafiwa, miguu imenyooshwa, kitambaa cheusi kichwani, miwani yake juu ya pua na simu mapajani. Aliwaambia wanawake waliokaa naye wakale. Tulipobaki wawili nikakaa naye godoroni, nikisikia jinsi nyumba ile ilivyo kubwa. Kisha akaniuliza kama najua alivyojifungua mtoto wa kwanza. Nikasema sijui. Akaniambia ilikuwa vibaya, tangu asubuhi hadi jioni, na wanaume walikuwa hawaruhusiwi kuingia, basi Célestin akasimama nje, chini ya dirisha la wodi, akawa anamsemesha ukutani. Alipoishiwa maneno ya maana alimtajia bei za samaki, mmoja mmoja, mkubwa na mdogo, mbichi na mkavu. Masista walimfukuza akarudi. "Nilikuwa nasikia bei ya samaki," akasema, "najua eko. Tangu ile siku sikumutakaka mwengine."

Nilimwambia kwamba wajukuu wake wanataka nimuue Félix. Akasema amesikia, dirisha lilikuwa wazi. Wao bado wana kichwa cha atelye, waache, kitawatoka. Akasema tangu sehemu ya kwanza alijua Félix ni nani, na kwamba kila Ijumaa alikuwa akimsomea Célestin kwa sauti, naye Célestin akidakia kabla sentensi haijaisha. Hapo akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akaivaa tena, na sura yake ikawa ya mteja aliyekuja kurudisha nguo.

"Mais kiko kitu kimoja. Umeandika eti akisimama na muke wake, mabega inalingana."

Nilianza kujitetea. Nilimwambia wasomaji ni watu wagumu, kwamba hata kwa kimo hicho wanalalamika, kwamba nimemwongezea kidogo tu, kwa ajili ya hadithi. Gode hakunisikiliza. Aliweka mkono ukutani, akainuka, kwa shida, magoti yakilia, akasimama wima mbele yangu katikati ya chumba, miguu mitupu, bado mrefu kuliko sisi sote. Akapitisha kiganja chini ya sikio lake, akakiacha hapo hewani, kimelala, kama kimekaa juu ya kitu.

"Alikuwa anafika hapa," akasema. "Umurudishe hapa."

Hakuushusha mkono. Nikavaa miwani, nikatoa simu, nikaanza kumfupisha.